Feni na Ubeti wa Pili

…maana ubeti wa kwanza iliuacha upite, ni ubeti wa pili, kila mara wa pili, baba akishameza mate na kuvuta pumzi ya kuingilia ubeti wa pili, hapo ndipo feni iliyomo ndani ya kompyuta huanza kupandisha sauti, kwanza nyuki mmoja aliyepotea njia, kisha mzinga mzima, na mimi nimelichunguza jambo hili tangu mvua za vuli na sijapata jibu, nilidhani ni umeme, nikafunga stebilaiza, nilidhani ni vumbi, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nilidhani ni ile kazi ya kurekodi inayoichosha mashine, mpaka siku niliyosahau kubonyeza kitufe, baba akaimba bure, hakuna kilichorekodiwa, na feni ikapanda vilevile, kana kwamba nayo imefundishwa kwaya na inajua mahali pa kuingia… na sasa fundi Gurdev ameshalifungua sanduku la kompyuta juu ya meza ya duka lake hapa Moshi mjini, ameinama mpaka kilemba chake kinakaribia kugusa nyaya, anasema, Eliezeri, mnaandika humu au mnafuga kuku?, na anachomoa kwa koleo kitu cha kijivu, kinene kama sufi, vumbi la kijijini kwetu Kirua lililoshikana na moshi wa jikoni, pampu yangu ya baiskeli haikulifikia hilo, analiweka juu ya gazeti mbele ya baba kama mtu anayemkaribisha mgeni kipande cha nyama, na baba, aliyeketi kwenye stuli karibu na mlango, anacheka kicheko chake cha siku hizi, mabega tu, sauti hakuna. Sauti iliyobaki ni ya asubuhi, nyimbo mbili tatu, kisha inakwenda, yanabaki majani makavu ya mgomba yanayosuguana, na hiyo iliyobaki ndiyo niitakayo, si nyimbo, nyimbo zipo, alizitunga mwenyewe, za mazishi, za mavuno, ile ya kuwapokea watoto wachanga, hakuziandika kwa sababu alifundisha kwa mdomo, sauti ya tatu imbeni hivi, besi msiburute miguu, wanakwaya wake bado wanaziimba, zitabaki, lakini ile sauti yenyewe, pale inapokwaruza kidogo kabla ya kushuka, hiyo hakuna mwingine aliyenayo katika nchi nzima, na daktari alisema, akikunja vidole kama mtu aliyeshika yai, ni kulitoa sanduku lote la sauti hapo kooni, mzee Yoramu, tukiacha kipande ugonjwa utarudi, kuishi utaishi, Mungu akipenda utaishi sana, ila kuongea na kuimba, hapana, na kupumua utapumulia hapa, akaligusa koo lake mwenyewe chini, penye kishimo, patakuwa na tundu, utakuwa unalifunika kwa kitambaa chepesi, kizuie vumbi, kipitishe hewa, na baba alikuwa anatazama dirishani kana kwamba daktari anasema na mtu mwingine, akajibu, kwanza nimalize nyimbo, huyu mwanangu ananirekodi, nikimaliza nitakuja, akapangiwa Jumatatu, ikapita, nyimbo hazijaisha kwa sababu ya feni, akapangiwa nyingine, ikapita, feni, na daktari akaniita kando kwenye ujia akasema, Jumatatu ijayo, mwalimu, baada ya hiyo mimi sina ninaloweza kuahidi, na Jumatatu hiyo ni keshokutwa.

Vya kupoza mashine ninavyo viwili, anasema Gurdev, vilivyobaki vyote ni kelele tu, na anavipanga kando ya kitambaa cha mama, kile alichofungia sanduku leo alfajiri kama mtu anayefunga mtoto mgongoni, kitambaa cheupe cha kufuma chenye ukingo wa waridi, kimekunjwa vizuri juu ya meza kati ya bisibisi na makopo ya skrubu, na hivyo viwili vinakaa pembeni mwake kama wachumba waliokuja kuposa, cha kwanza kina mabomba ya shaba yaliyopindwa kama pembe za beberu, kinang'aa hata unaona uso wako, bei yake ni ya ndama jike, cha pili kimetoka kwenye boksi la kahawia lisilo na hata picha, bati la alumini lenye mapezi membamba yaliyosimama karibu karibu, chini katikati kimepachikwa kipande cha shaba cha duara kama senti ya zamani, na juu yake feni pana kama kisahani cha chai, bei yake ni ya magunia mawili ya pumba, nami nimekuja tayari kumtoa ndama, nimeshamwambia na mnunuzi, lakini Gurdev anatikisa kichwa, hiki cha mabomba ni cha vijana wanaocheza michezo ya vita kwenye kompyuta, mashine yako inaandika na kusikiliza, haina moto wa kuhitaji pembe hizi, nikikuuzia hiki nitakuwa nimekuuzia pikipiki ya kwendea msalani, na baba anapigapiga goti kwa furaha, kisha anajitahidi, anakusanya sauti, inatoka kwa mkwaruzo, wewe Singa, anasema, leo umekataa pesa, unaumwa?, na Gurdev bila kuinua kichwa, mwalimu, nakuogopa wewe, nikikudhulumu utanitungia wimbo wa mazishi, nitautunga, anasema baba, na waombolezaji watakaa kwenye mabenchi ya marehemu baba yako, wajue mateso, na Gurdev anacheka mpaka anaweka bisibisi chini, maana ni kweli baba yake ndiye aliyeyapiga randa mabenchi ya kanisa letu, mbao nene, mgongo umesimama wima, na tangu utoto wangu nasikia wawili hawa wakigombania mabenchi hayo, baba yangu alisema, anajibu Gurdev, mwenye mahubiri mafupi hahitaji mto. Siri ni upana, ananiambia mimi sasa, feni ndogo ni kama mtu mfupi anayefuatana na mrefu, sharti akimbie, na mwenye kukimbia anahema, hii pana inatembea tu, na mimi naitazama ile pana, naizungusha kwa kidole, inazunguka muda mrefu bila kusema neno, na nakumbuka kanda, kwa sababu ni hapahapa, kwenye meza hii, kanda mbili za kwaya zilizorekodiwa nilipokuwa sekondari, tulizileta Gurdev akazifungua, akazipangusa kwa spiriti na pamba siku nzima, ukungu wa mlimani ulikuwa umeshazila, tukasikia baba kijana akiimba kama aliyezama mtoni, maneno yanapanda juu yakitoka mapovu, kisha utepe ukakatika, na ndiyo maana sitaki tena kanda, nataka hii, ambayo Gurdev anasema unaweza kuinakili mara mia na ya mia ikawa sawa na ya kwanza… zamani nilikuwa na akili, anasema, kana kwamba na yeye anazikumbuka, hakukuwa na spea, redio ya Mjerumani naitengeneza kwa uti wa redio ya Mjapani, leo kila kitu kinatoka Dubai ndani ya boksi, akili nimeipumzisha, nina mzigo tu, na anafungua skrubu ya mwisho ya feni ya zamani, anaizungushazungusha kushoto na kulia taratibu kama anayeng'oa jino la mtoto, inatoka, na chini yake, baada ya pamba na spiriti, ninaiona kwa mara ya kwanza prosesa yenyewe, ubongo wa mashine. Haizidi biskuti, na Gurdev anasema hata hiyo biskuti ni kifuniko, penyewe panapofanya kazi hapazidi ukucha wa kidole gumba, nami nainama, natazama ukucha wangu, natazama pale, mitihani yote ya kidato cha tatu niliyoichapa, barua za chama cha kahawa, risala za harusi za nusu ya kijiji, vyote vimepita hapo, na sauti ya baba imepita hapo, imekatwa vipande visivyohesabika ikaunganishwa tena upande wa pili bila mshono, na kwa kazi yote hiyo hautoki hata uzi wa moshi, halidondoki tone la jasho, linatoka joto tu, kama kipaji cha uso cha mtu anayewaza, na joto hilo lisipoondolewa, ukucha huu unaungua na kila ulichokuwa unakiwaza unaungua nao, kwa hiyo watu fulani mahali fulani wamekaa wakafikiri namna ya kulisindikiza joto, senti ya shaba ilipokee, mapezi yaligawane, hewa ilichukue, na Gurdev anaweka punje ya grisi nyeupe katikati ya biskuti, punje moja kama ya mchele, anakishusha kile kipya cha magunia mawili ya pumba, anakikandamiza, kinalia kak, kak, pande mbili, na mimi nimeshika ukingo wa meza kama niko kanisani wakati wa ubatizo. Nyuma ya kichwa cha baba, mlangoni, mlima uko wazi leo mpaka kwenye theluji, juu ya mabati ya mtaa wa Majengo na kamba za nguo na minara miwili ya msikiti, na mimi nafundisha jiografia, kila mwaka huwaambia watoto kwamba mchana hewa inapanda mlimani na usiku inashuka, wanaandika, wanakariri, wanafaulu, lakini sijawahi mimi mwenyewe kuona kwamba ule nao ni mapezi, mgongo wa Kirua, korongo, mgongo wa Kilema, korongo, mgongo wa Marangu, korongo, na hewa inapita katikati ikichukua joto la nchi yote hii na kulipeleka mahali ambako hakuna anayelidai, na sisi tumejenga juu ya mapezi hayo, tumepanda migomba, tumelala usingizi mzuri chini ya blanketi mbili, hatukuwahi kuuliza nani anatupoza.

Kaeni kimya, anasema Gurdev, ingawa hakuna aliyekuwa anasema, na anawasha. Nasubiri ule mngurumo wa kuamka, ule ambao nyumbani humfanya ng'ombe ageuze masikio, hauji, kuna taa ya kijani, kuna maandishi kwenye skrini, na kitu kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, basi, na Gurdev anaweka programu ya kuitesa mashine, anasema inaifanya ifanye kazi bure kwa nguvu zake zote, kama gari lililoinuliwa kwa jeki likakanyagiwa mafuta, na pembeni mwa skrini kuna namba ya joto, thelathini na nne, thelathini na nane, tungoje, anasema, itapanda, kila kinachofanya kazi kinapanda, cha muhimu ni kitasimama wapi, na anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye fremu ya feni, mpini wa mbao anauweka sikioni, anafumba macho, hivi ndivyo mafundi wa gereji wanavyosikiliza injini, kisha anafungua macho na kumtazama baba, njoo wewe, mwalimu wa kwaya, mimi masikio yangu ni ya karakana, na baba anasimama taratibu, anakuja, anapokea bisibisi kama fimbo ya kuongozea, anaweka mpini sikioni, na uso wake, ule uso wa mazoezi ya Alhamisi, nyusi juu, kidole cha shahada kikipima hewa, sijauona tangu vuli. Do, anasema. Ya chini. Anasikiliza tena. Besi, anasema, besi mwenye mke mkali, anaimba lakini hataki asikike, na Gurdev anajipiga paja, na ile ya zamani, mwalimu?, ile ya zamani, anasema baba na uso unakunjamana, ilikuwa katikati ya la na ti, haikuwa hii wala ile, miezi yote hii Mungu anisamehe nilikuwa naimba na mtu anayeteleza… na arobaini na tatu, arobaini na sita, namba inapanda lakini sasa inapanda kama mzee kwenye kilima, inapumzika, inapanda tena, arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja, hamsini na moja, na baba amerudi kwenye stuli, anasafisha koo, anasema, nijaribu hapahapa, nione kama itaniingilia, na nataka kumzuia kwa sababu ni saa nne na sauti yake haikai mpaka saa nne, lakini ameshaanza, ule wa kuwapokea watoto, kwa sauti ya chini sana, ubeti wa kwanza, umetoka mbali, mgeni wetu, umetoka mbali, mtaani kunapita mkokoteni, kuna mtu anatangaza viazi, na Gurdev amekunja mikono kifuani, ameinamisha kichwa, na mimi naona vumbi la mtaani linaingia na mwanga mlangoni, naona sanduku liko wazi, uchi, na mtu anaimba mbele yake, na mkono wangu unachukua kitambaa cha mama, unakikunjua, unakishusha juu ya sanduku, unanyosha ukingo wa waridi mbele na nyuma, mkono tu, mimi niko kwenye wimbo, ubeti unakwisha, baba anameza mate, anavuta pumzi, anaingia ubeti wa pili, tumekutandikia majani mabichi… na nyuki anaanza.

Nyuki mmoja, kisha wawili, si hii, si hii mpya, nimetoka na tatizo nyumbani nikaja nalo mpaka Moshi mjini, basi si feni, ni wimbo, ni yeye, ni kitu fulani katika ubeti wa pili ambacho mashine haiwezi kukivumilia, Gurdev anaruka kwenye skrini, hamsini na tisa, sitini na mbili, haiwezekani, ilikuwa imesimama, na baba ameacha kuimba, ananitazama mimi, si skrini, ananitazama mikono, na mabega yake yanaanza kucheka, yanacheka mpaka anashika mlango, na Gurdev anafuata macho yake, anageuka, anasema, nani ameivika?, nani ameivika mashine shuka?, na mimi natazama mezani kitambaa kilipokuwa, hakipo, natazama sanduku, na hapo ndipo ninapokiona, kitambaa ambacho nimekiona kila siku ya maisha yangu, kwa sababu nyumbani kwetu kila kitu kimefumiwa, redio, jagi, viti, televisheni ambayo hata haiwaki, kisicho na kitambaa ni ng'ombe peke yake, na yeye kwa sababu alikila, kitu kizuri hakiachwi uchi, hasa mgeni akiwepo, hasa wimbo ukiimbwa, nani kati yetu angekitazama kitambaa akakiona?, na Gurdev anakinyanyua kwa vidole viwili, anakitupa mezani, na mzinga wa nyuki unarudi nyuma, sitini, hamsini na saba, nyuki wawili, mmoja, pumzi. Mama yako hufanya hivyohivyo, anasema baba. Anasema kwa mnong'ono, sauti ya leo imekwisha pale kwenye majani mabichi, nasogea karibu, baba unasemaje?, mama yako, nikishaanza kuimba anakishusha, wewe uko huku mbele unanishikia kipaza sauti, umempa mgongo, yeye kwenye kigoda chake anakishusha taratibu, ananyosha kingo, kama wewe hivyo, kila mara?, nauliza, kila mara, anajibu, na hukusema, baba?, na yeye ananong'ona akitazama mlimani, ile feni ikipanda, nilikuwa nasema moyoni, haya, wiki hii tena ninayo. Hamsini na nne. Hamsini na tatu. Na mimi nimesimama katikati ya duka na namwona mama, Martha wa kigoda, miguu pamoja, sindano ya kufumia kwenye nywele, namwona anakishusha kitambaa taratibu, na sijui, sijui kama alifanya kama nilivyofanya mimi sasa hivi, mkono tu, adabu tu, au kama siku moja aliona kwamba nyuki huja baada ya kitambaa na wimbo huharibika baada ya nyuki na Jumatatu hupita baada ya wimbo kuharibika, na akakaa na ujuzi huo peke yake, na kila siku ya kurekodi akaushika mikononi, akaushusha, akanyosha kingo, yeye ambaye hajawahi kusema neno lolote juu ya hospitali isipokuwa, watamfungua koo kama kuku?, na nikamwambia, mama, si hivyo, akasema, haya, akaenda kukata majani ya ng'ombe, na nikimwuliza leo jioni atasema nini, atasema vumbi, mwanangu, vumbi, na litakuwa jibu la kweli au la uongo na uso wake utakuwa uleule, na sitamwuliza, kwa sababu nimetazama mkono wangu mwenyewe ukifanya jambo lilelile na hata mkono wangu sijui uliongozwa na nini, mimi ninayezijua siku zote za Jumatatu kwa majina… ee Mungu, ni vingi vilivyomo ndani ya kitambaa, mtu anahesabu mishono ya kufuma usiku kucha, mnyororo, tundu, mnyororo, tundu, na katika kila tundu anaweka kitu asichokisema, na sisi tunaweka jagi juu yake. Wawili hao walikuwa wanaimba sauti mbili kila wiki mbele yangu, yeye kwa koo na mama kwa mikono, wakinunua siku kutoka kwa feni, na mimi nilikuwa nashika kipaza sauti nikidhani narekodi sauti moja.

Hamsini na moja, anasema Gurdev, imesimama, na kimya kinarudi, si kimya cha kutokuwa na kitu, sasa naweza kusikia vilivyomo, mkokoteni uko mbali, saa ya ukutani ya Gurdev ambayo sikujua kama inatembea, na chini ya vyote hivyo, karibu kabisa, pumzi ya baba, sijawahi kuisikia, nyumbani daima kulikuwa na mzinga, inaingia kwa mluzi mwembamba, inagota, inapenya, inatoka, kila moja inagota mahali palepale kama mtu anayepita kwenye mlango uliowekewa gunia, na anafanya hivyo mchana na usiku, analala hivyo, anatabasamu hivyo, anatutania juu ya mabenchi hivyo, na mimi nilikuwa nasikiliza kuimba tu, unachukua hiki?, ananiuliza Gurdev, nasema ndiyo, nachukua, kile cha bei ya ndama rudisha ndani, na Gurdev anaanza kurudisha ubavu wa sanduku, skrubu moja moja, bila haraka, na baba anasimama tena, anakuja mezani, nadhani anataka bisibisi asikilize, lakini mkono wake unapita bisibisi, unachukua kitambaa, anakikung'uta mara moja kuelekea mlangoni, vumbi linaruka kwenye mwanga, anakikunja pembe kwa pembe mpaka kiwe kama skafu ya skauti, anakizungusha shingoni, vidole vyake vya kuongozea kwaya vinatafuta fundo kwa nyuma, nanyosha mkono nimsaidie, anautoa mkono wangu, polepole, anafunga mwenyewe, kisha anainua kidevu na kumgeukia Gurdev, nimependeza?, na Gurdev, bisibisi mkononi, hacheki, anasema, kama bwana harusi, mwalimu, na baba anatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo, anashika ukingo wa waridi ulioangukia kwenye kishimo cha koo, ananong'ona kwangu, hiki ni kirefu, mwambie mama yako afume vidogo, hivi, anaonyesha kwa vidole ukubwa wa kiganja, vingi, vya kubadilisha, mpaka Jumatatu afikishe hata viwili, baba, nasema, na nyimbo?, na yeye anatazama mashine inayofanya do yake ya chini peke yake, kesho asubuhi mmoja, anasema, ule wa watoto, na mama yako aje akae huku mbele na mimi, zingine wanakwaya wanazo, anarudi kwenye stuli, anaketi kuelekea mlima, Gurdev anakaza skrubu ya mwisho, feni inazunguka, namba haijasogea, na shingoni mwa baba ukingo wa waridi unapanda, unashuka, unapanda, na hewa inapita kwenye matundu.